Nani Aliyebwaga Moyo?

Mwalimu wa shule akikosea huwapotosha watoto wa darasa moja. Mwalimu wa walimu akikosea huipotosha wilaya nzima, kwa kuwa kosa lake hupewa cheti, hupangiwa kituo cha kazi, na huandikwa ubaoni mwaka baada ya mwaka na watu wasiojua lilikotoka. Nayasema haya kwa sababu aliyekosea ni mimi. Nilifundisha miaka 38. Sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa mkufunzi wa historia katika chuo cha ualimu, na nikamalizia utumishi wangu nikiwa mwalimu mkuu. Kosa langu nilikuwa nimelisahau kabisa. Nikakutana nalo uso kwa uso Bagamoyo, katika nyumba moja ya kumbukumbu ambayo sina haja ya kuitaja.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa Juni. Nilimchukua mjukuu wangu, msichana wa darasa la sita, nikamwonyeshe mji mkongwe. Mlangoni tukapokewa na mwongoza wageni, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, ambaye aliponiona tu alivua kofia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekufundisha wapi?"

Akanitajia chuo na mwaka. Alikuwa amefundisha shule za msingi kwa muda, kisha akaacha chaki na kushika kazi hii. Tukajiunga na kundi la wageni kutoka Ulaya, naye akatutembeza kwa ufasaha ambao, nakiri, ulinipa fahari. Alionyesha minyororo. Alionyesha picha. Kisha akafika kwenye jina la mji. Akasema kwamba mtumwa alipofikishwa hapa, akaiona bahari na jahazi, alijua kwamba kwao harudi tena. Basi akasema, mwili wangu mnauchukua, lakini moyo wangu naubwaga hapa. Mama mmoja katika wale wageni alifuta machozi. Baada ya hapo tukasikia habari za Livingstone, za mapadri na za Wajerumani, na saa moja ikawa imekwisha.

Tulipotoka nje mjukuu wangu akaniuliza, "Babu, watu wa hapa walikuwa wapi?"

"Watu gani?"

"Wenye mji. Ametaja watumwa, Waarabu, mapadri na Wajerumani. Waliokuwa wanaishi hapa walikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu la haraka, nikamgeukia yule kijana wangu wa zamani kama mtu anayetaka msaada. Nikamwuliza ile habari ya moyo aliipata wapi. Alicheka kwa heshima. "Kwako, Mwalimu. Ulituandikia ubaoni."

Naam, nilikuwa nimeandika. Hata mahali niliposimama napakumbuka.

Na aibu yangu ni kubwa kuliko ya mtu aliyekosea kwa kutojua. Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea mpaka nikaenda shule, alikuwa binti wa mpagazi. Baba yake alitoka Unyanyembe na mzigo begani, akarudi, akaja tena, na safari ya mwisho hakurudi. Alioa hapa pwani akakaa. Bibi alikuwa akituhadithia juu ya sugu iliyokuwa begani mwa baba yake, ngumu na nene, ambayo wao watoto walikuwa wakiigusa kwa kidole na kukimbia. Na kila jioni, akishamaliza kazi zake, akikaa barazani na kunyoosha miguu, bibi alikuwa na msemo mmoja: "Haya, sasa nimebwaga moyo." Hakuwa analia. Alikuwa amepumzika.

Maneno hayo niliyasikia labda mara elfu kabla sijatimiza miaka kumi. Kisha nikaenda chuoni, nikakuta kijitabu kinasema vingine, nikakiamini kijitabu. Nikawafundisha walimu kinyume cha maneno ya bibi yangu. Haikunijia akilini kwamba mwanamke asiyejua kusoma anaweza kuwa na ushahidi.

Basi tuanze na lugha, maana jina la mji ni neno kabla halijawa historia. Kubwaga ni kukitua kwa nguvu kitu kizito: mtu hubwaga mzigo, hubwaga kuni, na mcheza mieleka humbwaga mwenzake. Mzee wa pwani akikwambia ubwage moyo, anakutaka utulie, uache wasiwasi. Sasa tujiulize. Mtu aliyetekwa Manyema, mwenye lugha ya kwao, anayeswagwa kuelekea jahazini, ndiye aliyepata nafasi ya kuupa mji jina kwa Kiswahili? Na wenye mji wakalipokea jina hilo kutoka kwa mtu ambaye kesho yake hayupo? Mji huitwa jina na wanaoishi humo, na wanaouendea wakitarajia kurudi tena. Sidai kwamba hoja hii inaufunga mjadala. Majina ya kale huwa na njia nyingi, na huenda mtumwa mmoja mwenye uchungu naye aliligeuza neno lile kwa maana yake. Lakini upo wimbo wa wapagazi ulioandikwa tangu zama za Wajerumani, wa watu wanaoufurahia mji huu kwa kuufikia. Ushahidi huo mbona hautajwi mbele ya mgeni?

Tuwatazame basi hao wapagazi. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, makumi ya maelfu ya watu walipita njia ya kati kila mwaka, kati ya Bagamoyo na Tabora, na wengine wakaendelea mpaka Ujiji, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kilo 32. Kwenda bara walichukua amerikani, kaniki, ushanga na nyaya za shaba. Kurudi pwani walichukua pembe za ndovu. Walikuwa na kirangozi wao aliyetangulia mbele, walikuwa na ngoma na bendera, na walikuwa na mapatano ya ujira na ya posho. Neno hili posho, ambalo leo kila mtumishi wa serikali analijua kuliko jina la mkuu wake, lilikuwa chakula cha kila siku cha msafara. Posho ikipunguzwa, watu waliweka mizigo chini na kukataa kuondoka. Kijana wetu anayefundishwa kwamba mgomo wa wafanyakazi uliletwa na reli na bandari, hajaambiwa kwamba babu yake aligoma porini kabla ya reli.

Hawakuwa malaika, wala wote hawakuwa huru. Baadhi yao walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na ujira ukagawanywa. Lakini wengi walikuja kwa hiari yao, wakauza nguvu zao, wakanunua nguo, wakarudi kwao na kitu cha kuoa. Baada ya kuvuka Mto Ruvu, ambao sehemu zake za chini waliuita Kingani, walijua kwamba kituo kinachofuata ni mji. Hapo ndipo walipotua. Reli ya kati ndiyo iliyowamaliza. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na Bagamoyo ikabaki na milango yake ya nakshi ikingojea misafara isiyokuja.

Hapa nataka nieleweke vizuri, maana wapo watakaosema kwamba mzee huyu anaufuta utumwa. La hasha. Watumwa walipita Bagamoyo, na waliteseka. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao mwaka 1868 walijenga kijiji cha watu waliokombolewa, na watu hao hawakutoka hewani. Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873, akapiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu mwaka 1876, na bado biashara iliendelea kwa kificho. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922. Watoto wetu lazima wayajue haya yote. Lakini wayajue kwa vipimo vyake. Bandari iliyosafirisha watumwa kwa wingi kuliko zote katika pwani hii ilikuwa Kilwa Kivinje. Bagamoyo ilikuwa kwanza kabisa bandari ya pembe na ya watu walioichukua. Tunapoihamishia Bagamoyo kilio chote, tunaidhulumu Bagamoyo, na Kilwa tunaidhulumu zaidi, maana wafu wake tunawatumia kupambia mlango wa jirani.

Tena kuna unyoofu mwingine ambao simulizi ya machozi hutusaidia kuukwepa. Katika simulizi ile muuzaji ni Mwarabu tu. Ukweli ni mchungu zaidi. Walikuwapo watemi wa bara waliouza mateka wao, walikuwapo Waswahili waliomiliki mashamba na watumwa wa kuyalima, na walikuwapo matajiri wa Kihindi waliokopesha fedha za misafara. Huo ni uchungu wetu sote, na hausemwi kwa sababu haumlizi mgeni, unamfedhehesha mwenyeji.

Angalia pia namna tunavyogawa majina ya majengo. Pale misheni upo mnara wa kanisa la kwanza unaoitwa Mnara wa Livingstone. Mtu huyo aliingia Bagamoyo akiwa maiti, tarehe 24 Februari 1874, mwili wake ukalala humo usiku mmoja kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Waliomleta walikuwa wametembea miezi mingi kutoka kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, alikofia mwezi wa Mei mwaka 1873. Waliotangulia kuwaongoza walikuwa Susi na Chuma. Huyo Chuma baadaye, mwaka 1879, aliongoza msafara wa Waingereza hadi kwenye maziwa makuu, akiwa na sifa ya kiongozi anayejua kazi yake. Yaani aliyebebwa akapewa mnara, na waliombeba wakapewa sentensi. Sina ugomvi na Livingstone. Naomba tu tuhesabu nani alitembea.

Ugonjwa huu hauishii Bagamoyo. Ukivuka Mto Wami kwenda kaskazini unafika Saadani. Leo jina hilo ni la simba na tembo, kwa sababu mwaka 2005 Saadani ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na sifa yake ni kwamba wanyama wa porini hutembea mpaka ufukweni. Ni jambo jema. Lakini mwaka 1888, pwani ilipoinuka kuipinga Kampuni ya Wajerumani, Saadani ilikuwa mji wa Bwana Heri. Bushiri bin Salim alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri, ambaye mji wake ulikwisha kupigwa mizinga na kutekwa na majeshi ya Wissmann mwaka huo huo, alikuwa bado anapigana msituni na Wazigua wake, na hakufanya suluhu mpaka mwaka 1890. Niliwahi kwenda Saadani na wageni. Walionyeshwa magofu ya boma la Wajerumani, wakapiga picha, wakauliza simba wako wapi. Jina la Bwana Heri halikutamkwa mpaka nilipolitamka mimi, na dereva akanitazama kama mtu anayechelewesha safari.

Wapo watakaoniambia: Mwalimu, waache vijana wapate riziki. Mgeni amelipa nauli kutoka mbali, anataka kuguswa moyo, na habari ya mtumwa inamgusa. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu najua bei ya unga. Lakini ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Simulizi inayochaguliwa kwa kipimo cha machozi ya mgeni huacha kuwa mali ya mwenyeji. Wenzetu wa Senegali walikwisha kuonja hili. Nyumba ya Watumwa katika kisiwa cha Gorée ilipata umaarufu duniani kote kwa simulizi kubwa, na katika miaka ya 1990 wanahistoria wakaanza kusema hadharani kwamba idadi ya watu waliodaiwa kupita katika nyumba ile haiwezekani. Kilichofuata ni ubishi wa aibu, ambapo mateso ya kweli ya watu wa kweli yalitiliwa shaka kwa sababu ya hesabu iliyotiwa chumvi. Anayeongeza chumvi katika habari ya wafu huwapa wakanushaji kijiko.

Sisi wenyewe tuliiwasilisha njia ya misafara katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini soma jina tulilolitumia: Njia Kuu ya Kati ya Watumwa na Pembe za Ndovu. Wamo walioburutwa, imo na bidhaa. Waliotembea kwa miguu yao wenyewe hawamo. Hata katika jina la njia yao.

Na hapa ndipo penye hasara yenyewe. Mtoto anayetoka katika nyumba ya kumbukumbu akiwa ameona minyororo tu, anatoka na picha moja ya babu zake: watu waliofanyiwa. Walifungwa na huyu, wakakombolewa na yule, wakatawaliwa na wa tatu. Hakuna mahali walipopatana bei au kugoma, wala walipotunga wimbo na kuupa mji jina. Tulipokuwa tukiihubiri Elimu ya Kujitegemea baada ya mwaka 1967, nilidhani kujitegemea ni shamba la shule na banda la kuku. Sikuelewa kwamba mtu anaweza kulima ekari kumi na bado akaazima babu zake kutoka kwa mgeni.

Sitaki niishie kwenye lawama, maana mzee anayelaumu tu ni mzigo nyumbani. Ninayoyapendekeza si ya gharama. Majengo yabaki na minyororo yake, kisha kando yake uwekwe mzigo wa mpagazi wa frasila mbili, uliofungwa sawasawa, kila mwanafunzi aruhusiwe kuuinua. Yaandikwe ukutani, kwa Kiswahili kwanza, maneno tuliyorithi kutoka njia ile. Pale mnarani yaandikwe majina ya Susi na Chuma kwa herufi za ukubwa ule ule. Saadani lisimamishwe bango moja la mbao lenye jina la Bwana Heri. Na mwongoza wageni, akifika kwenye jina la mji, aseme kwamba zipo maana mbili, aeleze ushahidi wa kila moja, amwachie mgeni kazi ya kufikiri. Mgeni si mtoto.

Nilirudi kwa yule mwanafunzi wangu nikamwambia haya. Alinisikiliza, kisha akasema kwa upole kwamba wageni huwa hawana muda. Nikamwambia, nitakuja mimi. Jumamosi iliyofuata nilikwenda na mjukuu wangu na gunia la mchanga tuliloupima kwa muuza mkaa mpaka kilo 32, tukaliweka chini ya mwembe, nje. Mgeni mmoja, kijana mrefu mwenye misuli, akataka kujaribu. Akalitia begani, akatembea mpaka kwenye ukuta na kurudi, jasho likamtoka, akalibwaga. Akashusha pumzi ndefu, akanyoosha mgongo, akacheka peke yake.

Mimi sikusema kitu. Aliyesema ni mjukuu wangu. "Babu, huyo amebwaga moyo."

Walimu wenzangu mliopita mikononi mwangu, popote mlipo, mliobaki kazini na mliostaafu: ile sentensi niliyowaandikia ubaoni ifuteni, au angalau iandikieni ya pili pembeni yake. Msiulize kitabu gani kimebadilika. Hakuna kilichobadilika, ila nimekumbuka alichokuwa akisema bibi yangu barazani.